Mstari wa Ishirini na Saba

Miaka kumi na minne Perpetua aliwaunganisha watu wa Usambara wakasemezana kwa simu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kulitamka jina la baba mkwe wake. Msishangae. Kule milimani mwanamke aliyelelewa akaleleka hamtaji kwa jina mzazi wa mumewe, hata akiulizwa na karani mwenye kalamu mkononi. Atalizunguka. Atasema "babu yao kina Paskalina," kwa jina la mwanawe, atasema "yule mwenye nyumba ya bati," akishindwa kabisa ataonyesha kwa kidevu. Mimi si mkwe wake, kwa hiyo nawatajia bila wasiwasi: mzee huyo aliitwa Yeremia Shemweta, dresa, mfunga vidonda, wa zahanati ya Malindi, ile ya milimani si ya pwani, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, na simu yake ndiyo iliyokuwa simu pekee upande ule wa mlima.

Kituo cha simu cha Lushoto kilikuwa chumba kimoja cha mawe, na ndani yake swichibodi ya mbao yenye matundu na kamba. Perpetua aliketi mbele yake na vifaa vya masikioni tangu asubuhi. Namba zilikuwepo vitabuni, lakini nani alizitumia? Mtu aliinua mkonga akasema nipe Mlola, nipe pale kwa masista Kifungilo, nipe yule Mhindi wa mbao, na Perpetua akachomeka kamba. Alijua kwamba mwenye duka wa Soni ana masikio mazito, kengele yake iwe ndefu. Alijua kwamba siku ya gulio katibu wa kijiji cha Mlola hashikiki ofisini, ukimtaka mpigie Kuluthumu mwenye duka mkabala na soko, naye atampigia ukelele. Hakuna mahali mambo haya yalipoandikwa. Yalikaa kichwani mwake pamoja na bei ya sukari na siku za kuzaliwa za wanawe.

Na kuhusu lile jina, palikuwa na Selemani. Selemani alikuwa tarishi wa kituo, mtu mzima mwenye madaha, aliyependa kusimama mlangoni akiwa amefumbata mikono. Wahudumu wa simu wa Tanga walipotaka kujua nani anayepiga, na anayepiga ni baba mkwe, Perpetua aligonga meza kwa kidole mara mbili bila kugeuka. Selemani akainama begani kwake, akalitaja jina, akarudi mlangoni. Walifanya hivyo miaka na miaka mpaka wote wawili wakasahau kwamba kuna jambo linafanyika.

Basi mwaka ule wa kuhamia vijijini, masika yakiwa yamekolea, lori likapanda kutoka Mombo na makasha matatu. Ilikuwa mashine ya simu ya kujiendesha. Pamoja na makasha alikuja fundi wake, Timotheo, Mbondei wa Muheza, mpole, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata kwenye tope. Alimwamkia Perpetua shikamoo, akamwita Mama Paskalina kabla hata hajaonja chai, na Perpetua, aliyekuwa amejiandaa kumchukia, akakosa pa kuanzia.

Maana hofu ilikuwepo, tena si ya kiti chake. Kiti alishahakikishiwa: simu za mbali zitaendelea kupitia kwake. Hofu yake ilikuwa Dina, wifi yake, mdogo wa mume wake Silvano. Dina alikuwa Malindi kwa baba yake, mimba ya miezi tisa kasoro siku chache, na mtoto amekaa vibaya tumboni, makalio chini. Mimba ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, na mtoto yule hakulia. Safari hii walipanga mapema. Hospitali ilishakataa kumlaza kabla ya wakati, vitanda havitoshi, lakini uchungu ukianza tu mzee atapiga simu hospitali, na Silvano, dereva wa Landirova ya hospitali, atapanda kumchukua. Mpango mzima ulining'inia kwenye waya mmoja unaokata msitu wa Magamba. Kila Perpetua alipoitazama ile mashine alijiuliza kama itaujua waya ule kama yeye anavyoujua.

Timotheo alipomaliza kuisimamisha, ilikuwa makabati mawili ya kijivu, marefu kuliko mlango. Alifungua milango yake, na Perpetua akaona vidude vya shaba vimepangwa safu kwa safu, maelfu, vyote vimelala. Akasogea akanusa. Ilinukia mafuta mapya na rangi. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliye kanisani, ni wapi humo wameandika Lushoto.

Timotheo akacheka, si kwa dharau. Akasema hakuna mahali. Mashine hiyo ilitengenezwa ng'ambo na watu wasiojua kama Lushoto ni mji au ni jina la mboga. Aliwahi kufunga nyingine Songea, na hiyo ya Songea na hii ni mapacha, hazitofautiani hata skrubu. Kisha akafungua kasha dogo lililobaki, akatoa ubao mweusi, mpana kama sinia ya pilau, wenye safu arobaini na nane za vijiti vya shaba.

"Mama Paskalina, kila kitu ambacho mashine itajua kuhusu nyinyi kitakuwa hapa," alisema. "Nikiutoa ubao wa Songea nikauweka humu, itaamka ikidhani iko Songea, na haitaona ajabu yoyote."

Perpetua akaushika ubao kwa mikono miwili. Ulikuwa mwepesi. Akafikiri kuhusu Mlola na Mtae na Kifungilo na Soni, mabonde na vilele, masista na wauza mbao na makatibu wa vijiji, na wote hao watatoshea hapo juu, waya kwa waya. Alisikia nywele zikimsimama. Aliogopa kuuangusha, akaurudisha mezani polepole.

Siku zilizofuata hakumpa fundi nafasi ya kupumua. Alitaka kujua kila kitu, naye Timotheo, nadhani hakuwahi kupata mtu wa kumsikiliza hivyo, alimweleza. Kila safu ni mstari mmoja wa simu. Kijiti cha kwanza kinasema huyu ni nani, cha pili kinasema anaruhusiwa kupiga Tanga mwenyewe au lazima apitie kwa mhudumu, cha tatu kinasema asipopokea simu iende wapi, na kadhalika. Makabati yale makubwa ndiyo yenye nguvu ya kufanya kazi, lakini hayana la kufanya mpaka yausome ubao. Na huusoma wakati mmoja tu, yanapoamka. Ukibadilisha waya mashine ikiwa inafanya kazi, itaendelea na yale iliyoyasoma asubuhi. Lazima uizime, uiwashe tena, ndipo itapitia safu zote upya, ya kwanza mpaka ya mwisho.

Perpetua akauliza, je, ikikuta safu ambayo haina waya?

Itaona kwamba hapo hapana mtu, Timotheo akasema.

Haitauliza?

"Haiulizi," akasema fundi. "Mashine haina adabu wala haina utovu wa adabu. Inasoma kilichopo, basi."

Perpetua akamweleza habari za gulio la Mlola na duka la Kuluthumu, akitegemea kwamba hapo mashine imefika mwisho wa akili yake. Timotheo alikuna kidevu. Mashine haijui siku, akasema, lakini inajua kuhesabu. Akakata waya mwekundu usiozidi urefu wa kidole, akaupitisha kutoka safu ya Mlola hadi safu ya Kuluthumu: simu ikiita mara nane ofisini bila kupokelewa, ihamie dukani. Perpetua akautazama ule waya. Miaka kumi na minne ya siku za gulio, kamba mkononi, akimsaka katibu, na kumbe kazi yote ile ni waya wa kidole kimoja. Machozi yalimlengalenga, wala hakujua kama ni ya uchungu au ya furaha. Akasema tu kwamba Mungu ni mkubwa.

Ijumaa wakaujaza ubao. Timotheo alikuwa na utaratibu wake, na hakukubali upunguzwe. Kwanza Perpetua anakili rejista nzima mara mbili, nakala moja ya kituo na nyingine ya Tanga, kabla fundi hajagusa waya hata mmoja. Alisema ameshaona mafundi wakilia kwa kukosa nakala. Kisha Perpetua akae mbele ya kabati na rejista, yeye aingie nyuma na chuma cha kulehemu. Perpetua asome jina la mwenye mstari kwa sauti, Timotheo alirudie pamoja na namba, ndipo alehemu. Asiyesikia jina halehemu. Na kwa kuwa mistari mingine ilikuwa imekufa, ile ya mashamba ya walowezi waliokwisha kuondoka nguzo zikageuka kuni, walikubaliana kwamba kwenye mstari uliokufa Perpetua atanyamaza, naye atapita.

Wakaanza. Perpetua anasoma, Timotheo anaitikia kutoka nyuma, moshi wa risasi ya kulehemu unapanda. Selemani yupo mlangoni, mikono amefumbata, anatazama kama bwana harusi. Mstari wa kumi na moja, kimya. Mstari wa kumi na tisa, kimya. Kazi ilikwenda vizuri mno, na pengine hiyo ndiyo iliyowaponza. Walipokaribia mstari wa ishirini na tano, Selemani akatoka kwenda kufuata chai, kama alivyofanya kila siku saa hiyo.

Kidole cha Perpetua kikafika mstari wa ishirini na saba. Malindi. Jina lilikuwa pale, mwandiko wa karani wa zamani, wino umepauka. Akagonga meza mara mbili. Na katika masikio yake, ninawaapia, akaisikia sauti ya Selemani ikilitaja jina, kama ilivyolitaja miaka yote. Akashusha kidole kwenye mstari wa ishirini na nane, akasoma. Nyuma ya kabati, Timotheo alisikia kitu kikigonga, akasikia kimya, akapita.

Jumamosi ilikuwa sherehe. Alikuja mkubwa kutoka wilayani, ikaja kwaya, wakaja akina mama wa chama na vigelegele. Timotheo akavuta swichi. Kutoka ndani ya makabati ikatoka sauti ndogo, tik, tik, tik, mashine inaupitia ubao mstari kwa mstari, lakini nani alisikia? Vigelegele vilifunika. Mkubwa akazungusha namba, hospitali wakaitikia, watu wakapiga makofi. Timotheo akaufunga mlango wa ubao kwa lakiri, muhuri wa nta, kama ilivyotakiwa, na mtu akachinja kuku wawili.

Jumatatu asubuhi Timotheo alikuwa anafungasha vifaa vyake apate kuliwahi basi la saa nne kwenda Mombo. Selemani alikuwa ameshatumwa Soni. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umejaa mpaka dirishani. Fundi akasema ataizima mashine na kuiwasha mara moja tu, jaribio la mwisho, halafu atamkabidhi Perpetua funguo. Akazima. Akawasha.

Tik.

Chumba kilikuwa kimya safari hii, na Perpetua akasikia kila kitu. Hakuwa amepanga kufanya alichofanya. Alijikuta tu, kidole gumba kikipita kwenye vidole vingine kama anayesali rozari, anawataja moyoni kila mmoja kwa mlio wake. Tik, boma. Tik, polisi. Tik, hospitali. Mashine ilikuwa inawajua watu wake mmoja mmoja mbele ya macho yake, kwa zamu, bila kumsahau mtu, na mlio mmoja haukuwa mkubwa kuliko mwingine, wa mkubwa wa wilaya na wa Kuluthumu ulikuwa sawasawa. Alipita kumi na moja, kimya, shamba la Mgiriki, haya. Kumi na tisa, kimya. Moyo ulimjaa hata akasahau kupumua. Ishirini na tano, Mlola. Ishirini na sita, Kuluthumu. Ishirini na saba, akasema moyoni, baba wa Malindi.

Kimya.

Tik, ishirini na nane.

Perpetua akasimama. Mashine ikaendelea hadi arobaini na nane, ikatulia. Akasema wamemruka mtu. Timotheo akasema haiwezekani, hiyo ni mistari iliyokufa. Perpetua akasema iliyokufa ni mitatu, naye amehesabu vimya vinne. Akaenda kwenye simu ya mezani, akazungusha namba ya Malindi. Ikamjibu sauti nyembamba iliyonyooka, isiyopanda wala kushuka, sauti ya mahali pasipo na mtu.

Ndipo akakumbuka chai ya Selemani. Akakaa. Tangu Jumamosi adhuhuri, siku mbili kasoro, mzee alikuwa hana simu, na Dina yuko kule, na mashine wala haikulalamika, kwa sababu kwa mashine Malindi haijawahi kuwepo. Yeye ndiye aliyeifuta. Alijieleza kwa Timotheo maneno yakigongana, kuhusu mkwe, kuhusu jina, kuhusu kugonga meza, kuhusu mtoto aliyekaa vibaya. Fundi alisikiliza, akaitazama saa yake, akaitazama lakiri aliyoiweka kwa mkono wake mwenyewe, ambayo kuivunja ni barua tatu za maelezo. Akaivunja. Basi likapiga honi barabarani likaondoka, wala hakugeuza kichwa.

Akavuta swichi, na Usambara nzima ikanyamaza. Akaingia nyuma ya kabati. Kwanza alichukua simu yake ya ufundi, ile ya kupimia yenye betri zake, akaibana kwenye waya wa Malindi kuona kama waya wenyewe uko hai, akaining'iniza shingoni. Perpetua alisikia chuma cha kulehemu kikilia kwenye mafuta yake. Kisha akasikia sauti ya fundi.

"Soma."

Perpetua akaiweka rejista magotini. Kidole kikaenda kwenye mstari. Mkono ukainuka wenyewe, ukagonga meza mara mbili. Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Mama Paskalina," Timotheo akasema kutoka nyuma, taratibu, "ukinyamaza nitapita. Tulikubaliana. Wilaya nzima imezimika, na mimi mikono yote miwili imeshika waya. Soma."

Mtu ambaye hakukulia na mwiko huu atasema, lakini ni neno tu! Sawa. Mwambie basi avue nguo sokoni, ni nguo tu. Perpetua alimwona mzee yule kama alivyomwona siku ya kwanza alipoletwa nyumbani kwake, amesimama kando ya njia, amegeuza uso ampishe bi harusi kwa heshima. Tangu siku ile wamekula nyumba moja kila Krismasi, na yeye hajawahi kumrushia jina lake. Akafikiri juu ya vile vijiti vya shaba, ambavyo haviogopi wala havistahi, vinavyongoja tu kuambiwa nani yupo. Akaona kwamba heshima yake yote ile, mbele ya ubao huu, ilikuwa imemfanya mzee awe shamba lililotelekezwa.

"Yeremia Shemweta," akasema.

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Likagonga mawe ya ukuta, likamrudia. Alijifunika mdomo kwa khanga.

"Yeremia Shemweta, ishirini na saba," Timotheo akaitikia, na risasi ikachemka.

Ukapita muda. Halafu akatoka nyuma ya kabati, uso umebadilika, ameishika simu ya ufundi kama mtu aliyeokota yai la moto. Akasema kuna mtu humu ndani. Akaivua shingoni, akampa Perpetua.

Perpetua akaiweka sikioni. Kulikuwa na mvumo wa waya mrefu, mvua ikidondoka mahali mbali. Na kulikuwa na pumzi. Kumbe uchungu ulimwanza Dina alfajiri. Mzee alikuwa ameinua mkonga, akakuta ukimya, akamtuma mtu kwa miguu apite msituni, mwendo wa saa sita, kisha akarudi akaushika tena mkonga sikioni, hakuuweka chini, maana hakuwa na lingine la kufanya. Alikuwa amesimama na ukimya ule saa tatu nzima. Na ndani ya ukimya ikaja sauti ya mkwe wake.

"Nimesikia umeniita," sauti ndogo ikasema. "Nipo."

Perpetua alitaka kuomba radhi, na shikamoo haikutoka. Mzee hakumngoja. Akamwambia mambo mawili kwa utulivu wa mganga: mguu mmoja wa mtoto umeonekana, na Dina bado ana nguvu. Perpetua akamwambia, baba, weka mkonga, hesabu polepole mpaka mia, halafu uinue uzungushe hospitali mwenyewe. Hakujua alikoipata imani ile. Timotheo alikuwa tayari kwenye swichi.

Mashine ikaamka. Tik, boma. Tik, polisi. Tik, hospitali. Perpetua alisimama mbele yake mikono kifuani, midomo ikitembea. Ishirini na tano. Ishirini na sita.

Tik.

Akalia pale pale, hakujificha. Ulikuwa mlio mdogo, sawa na mingine yote, na hajawahi kusikia kitu kizuri kama hicho. Mashine ikamaliza safu zake. Kukawa kimya. Kisha kwenye kabati la kushoto, safu ya ishirini na saba, kidude kimoja cha shaba kikainuka kutoka usingizini, kikafuatiwa na kingine, na kingine, mlio ukavuka kutoka kabati hadi kabati, ukashuka, ukasimama kwenye mstari wa tatu, hospitali. Simu ya Malindi ilikuwa imepita mbele ya uso wake, na hakuna mkono wa mtu ulioigusa. Miaka kumi na minne mikono yake ndiyo iliyokuwa njia. Sasa aliiweka tu pembeni akatazama, kama unavyotazama mtoto anayevuka daraja la mti kwa mara ya kwanza bila kushikwa.

Dakika chache baadaye Landirova ikapita dirishani inanguruma kuelekea Magamba, taa zimewaka kwenye ukungu, Silvano ameinamia usukani. Hakugeuka.

Walingoja. Timotheo aliandika barua zake tatu za maelezo, na mahali pa sababu akaandika kwamba msomaji na fundi walitofautiana juu ya maana ya kimya, maelezo ambayo Tanga hawakuyaelewa hata baada ya kuyasoma mara nne. Perpetua aliunganisha simu za mbali na hakukumbuka hata moja. Saa nane na nusu mchana kengele ya meza yake ikalia. Alikuwa Silvano, hospitali. Dina amechanika vibaya lakini yuko hai, ameomba uji. Mtoto ni wa kiume, alizaliwa humo humo ndani ya gari kwenye kona ya Magamba, mikononi mwa babu yake, na alichelewa kulia mpaka Silvano akasimamisha gari. Halafu akalia. Silvano akaelekeza mkonga kwenye kitanda, ili mkewe asikie.

Jioni, kabla ya kuweka lakiri mpya, Timotheo alimpa Perpetua rejista na penseli. Alisema mashine inasoma waya peke yake. Kitu chochote kitakachoandikwa pembeni ya mstari haitakiona kamwe, hicho ni cha watu, cha atakayekuja kuishika kazi hii wao wakiwa hawapo. Kama kuna jambo ambalo mtu huyo anapaswa kulijua, aliandike.

Perpetua alifikiri kidogo. Jumapili angepanda Malindi na jogoo na kilo ya chumvi kuomba radhi kama inavyotakiwa, na mzee angepokea vyote viwili bila kusema neno. Lakini hiyo ilikuwa Jumapili. Alifungua ukurasa, akatafuta lile jina lililopauka, na pembeni yake, kwa mwandiko wa shule ya misheni, akaandika:

Huyu yupo. Msomaji akinyamaza hapa, usipite. Mngoje.